Macho yana pazia, nalo hushuka darasani kila sekunde

Wahenga walituachia usemi kwamba macho hayana pazia. Twautumia tunapotaka kumtetea mtu aliyetazama jambo asilopaswa kulitazama: maskini, afanyeje, ilhali jicho likifunguka huona kila kilicho mbele yake? Usemi huu una hekima yake katika mambo ya adabu na tamaa. Lakini katika maumbile ya jicho lenyewe, wataalamu wa saikolojia na ubongo wamethibitisha kinyume chake. Jicho lina pazia. Hushuka na kupanda takriban mara tatu katika kila sekunde, mchana kutwa, na mwenye jicho hana habari nalo.

Jambo hili lisingestahili nafasi katika ukurasa huu lau lingekuwa mchezo wa maabara tu. Lastahili kwa sababu mengi tunayoyatenda shuleni yamejengwa juu ya imani kwamba jicho ni kamera: mwalimu akishaandika ubaoni, mwanafunzi ameona, na akishaona, hana udhuru wa kukosea. Kutokana na imani hiyo, kila siku mtoto fulani aliyeruka mstari alipokuwa akinakili, au aliyeacha silabi, au aliyebaki nyuma wenzake walipokwisha kufunga madaftari, hukaripiwa: "Una macho lakini huoni!" Maoni yangu ni kwamba karipio hilo, aghalabu, ni dhuluma. Mtoto huyo ana macho sawa na ya mwalimu wake. Wanachotofautiana ni kile ambacho kila mmoja wao aweza kukibeba akilini anapoliondoa jicho ubaoni na kulipeleka daftarini. Mzigo huo hupimwa kwa maarifa aliyo nayo mtu, na kukodoa macho hakuuongezi.

Hebu tuanze na jaribio ambalo mwanafunzi yeyote aweza kulifanya jioni hii nyumbani kwao. Simama karibu na kioo. Litazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha urudi kwa la kushoto. Kila mara utayakuta macho yako yametulia tuli; hutayaona yakisogea hata kidogo. Sasa mwite ndugu yako akutazame ukifanya vivyo hivyo. Atakuambia kwamba anayaona yakirukaruka waziwazi. Yeye auona msogeo usiouona wewe mwenye macho! Jambo hili lilielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Raymond Dodge, mnamo mwaka wa 1900, na hadi leo kila anayelijaribu hupata jibu lile lile.

Sababu ni hii. Jicho halitelezi juu ya vitu kama kiganja kinachopapasa ukuta. Hutua mahali, likakaa kitambo, kisha likaruka hadi mahali pengine na kutua tena. Kwa mtu anayesoma, kila kituo huchukua kiasi cha robo ya sekunde, na kila mruko huchukua kati ya milisekunde 20 na 40, yaani sehemu 20 hadi 40 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Wakati wa mruko, taswira inayopita ndani ya jicho huvurugika, na ubongo nao hupunguza makali ya kuona ili ukungu huo usitusumbue. Hilo ndilo pazia. Tukikadiria miruko mitatu kwa sekunde, kila mmoja wa milisekunde 30, basi katika kipindi cha dakika 40 pazia huwa limeshuka kwa zaidi ya dakika tatu na nusu. Mwalimu hazioni dakika hizo zikipotea, wala mwanafunzi.

Mbona jicho lirukeruke hivyo? Ni kwa kuwa uwezo wake wa kuona kwa makini umebanwa mahali padogo mno. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, na katikati ya utando huo mna kishimo kidogo kiitwacho fovea. Hapo ndipo panapoona kwa uwazi wa kutosha kusoma maandishi madogo. Nyosha mkono mbele yako uutazame ukucha wa kidole gumba: eneo unaloliona kwa uwazi kamili halizidi sana upana wa ukucha huo. Kwingineko kote twaona kwa ufifi unaozidi kadiri tunavyokwenda pembeni. Kwa hiyo, ili tuone, hatuna budi kukihamisha kishimo hicho kutoka pale hadi hapa, zaidi ya mara laki moja kwa siku.

Walimu ndio waliostahili kuyajua haya kabla ya watu wengine wote, maana utafiti wenyewe ulichipuka katika taaluma ya kusoma. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, na wenzake mjini Paris walibaini kwamba jicho la msomaji huenda kwa miruko. Huko Marekani, Edmund Huey aliunda kikombe kidogo cha plasta, akakivisha juu ya jicho la msomaji na kukiunganisha na kijiti kilichochora kila mruko. Mwaka wa 1908 akachapisha kitabu kizima kuhusu saikolojia na ufundishaji wa kusoma. Ni zaidi ya miaka 100 sasa.

Vyombo vilipoboreka, maarifa yaliongezeka. Mwaka wa 1975, George McConkie na Keith Rayner walitumia kompyuta iliyolifuata jicho la msomaji na kuficha maandishi yote isipokuwa dirisha dogo pale lilipotua. Kwa kulipanua na kulipunguza dirisha hilo, utafiti wao na ule uliofuata ulionyesha kwamba msomaji wa Kiingereza hunufaika na herufi tatu au nne tu zilizo kushoto mwa kituo chake, na zipatazo 14 au 15 zilizo kulia. Lakini wasomaji wa Kiebrania, lugha inayoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, walipopimwa mwaka wa 1981, dirisha lao lilielekea kushoto. Na hao hao waliposoma Kiingereza, likageukia kulia. Mwalimu wa Lamu au Mombasa, ambaye wanafunzi wake husoma msahafu madrasani kwa mwelekeo mmoja na kitabu cha Kiswahili shuleni kwa mwelekeo wa pili, ana sababu njema ya kulitafakari jambo hili. Jicho hutangulia pale ambapo mazoea yameifunza akili kutarajia maana. Kuona, basi, ni jambo la kujifunza.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa jicho laruka hivyo, mbona dunia haitikisiki? Jibu lake si gumu. Fumba jicho moja, kisha ulisukume la pili kwa upole mno ukipitishia kidole juu ya ukope wa pembeni. Utaona chumba kizima kikiyumba. Lakini ukilisogeza jicho hilo hilo kwa hiari yako, chumba hutulia. Mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alilijadili fumbo hili katika karne ya 19: ubongo ukitoa amri ya kulisogeza jicho, huizingatia amri yake wenyewe. Mwaka wa 1950, Erich von Holst na Horst Mittelstaedt kwa upande mmoja, na Roger Sperry kwa upande mwingine, walieleza kwamba ubongo hubakiza kama nakala ya kila amri unayoituma. Na mwaka wa 1992, Jean-René Duhamel, Carol Colby na Michael Goldberg waligundua katika ubongo wa nyani seli zinazoanza kujibu kwa kitu ambacho mruko ujao ndio utakaokileta mbele yao, kabla jicho halijaondoka. Kidole hakina nakala ya amri. Ndiyo maana chatuyumbisha.

Nakala ya amri hutwambia jicho limekwenda wapi. Haitwambii tumeondoka na nini. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya: pazia likishuka na kupanda, ni nini kinachovuka kutoka kituo kimoja hadi kingine?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ubongo huibandika taswira ya kituo kimoja kando ya taswira ya kingine, kama fundi anayepanga vigae, hata mwisho sakafu nzima ikakamilika. Mwaka wa 1979, McConkie na David Zola waliitia dhana hiyo mashakani. Waliandika matini ambayo herufi zake zilipishana, kubwa kwa ndogo. Kila jicho la msomaji liliporuka, kompyuta ilizigeuza: kubwa zikawa ndogo, na ndogo zikawa kubwa. Lau ubongo ungekuwa unabandika taswira, wasomaji wangeshtuka kwa mchafuko huo. La hasha! Waliendelea kusoma bila kugundua lolote. Walikuwa wamebeba maneno. Umbo la herufi walikuwa wameliacha nyuma. Mwaka wa 1996, John Grimes alieleza majaribio ya namna hiyo kwa picha za kawaida, ambamo mabadiliko yalifanywa jicho likiwa katikati ya mruko. Katika picha moja, wanaume wawili walibadilishana vichwa. Nusu ya watazamaji hawakuona.

Kinachovuka, basi, ni kidogo. Wataalamu hukiita kihifadhi chake kumbukumbu tendaji ya kuona, yaani ile kumbukumbu ya muda mfupi ambayo akili huishikilia inapokuwa kazini. Mwaka wa 1997, Steven Luck na Edward Vogel waliwaonyesha watu miraba ya rangi kwa kufumba na kufumbua, wakaiondoa, kisha wakaionyesha tena na kuwauliza iwapo rangi imebadilika. Miraba ilipokuwa mitatu, watu walijibu bila taabu. Ilipozidi minne, makosa yakaanza kumiminika. David Irwin naye, katika majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuta kiasi kama hicho hicho kikivuka mruko wa jicho: vitu vitatu au vinne. Wataalamu wangali wanabishana iwapo kumbukumbu hii ni kama kikapu chenye vyumba vinne vilivyokwisha kutengwa, au ni kama kibaba cha unga ambacho kila mlaji akiongezeka, fungu la kila mmoja hupungua. Lakini kwamba ni ndogo, hakuna anayebisha.

Je, twaishije na kikapu kidogo namna hii bila ya kuhisi njaa? Kwa sababu ulimwengu wenyewe haukimbii. Tukihitaji jambo, twarudisha jicho mahali lilipo. Mwaka wa 1995, Dana Ballard, Mary Hayhoe na Jeff Pelz walichapisha utafiti ambamo watu waliombwa kunakili mpangilio wa matofali madogo ya rangi. Wangeweza kukariri matofali mawili au matatu kwa mara moja. Hawakufanya hivyo. Walilitazama tofali kwenye kielelezo ili wajue rangi yake, wakaenda kuchukua la rangi hiyo, kisha wakarudi tena kwenye kielelezo ili wajue mahali pa kuliweka. Tofali moja, safari mbili! Hawa walikuwa watu wazima, wenye akili timamu, wasio na haraka wala hofu ya kiboko.

Sasa na tuingie darasani. Kunakili kutoka ubaoni ndiko kazi ile ile ya matofali, ila ni kugumu maradufu. Mtoto hutazama ubao ulio mbali, hubeba kadiri kikapu chake kinavyoruhusu, huinamisha kichwa hadi daftarini, huandika, kisha huinua kichwa na kutafuta mahali alipoachia katikati ya mistari ya chaki inayofanana. Kila safari ni fursa ya kupotea. Neno moja likitokea katika mistari miwili, jicho laweza kutua kwenye mstari usio wake, na sentensi nzima ikarukwa bila mwenyewe kujua. Twamlaumu kwa uzembe, ilhali lililompata ni jambo ambalo maumbile yenyewe yamelitayarisha.

Ukubwa wa kile anachokibeba hutegemea jinsi anavyokifahamu. Chukua neno "hawakutusomesha." Lina herufi 15. Kwa mtoto anayejua Kiswahili, ni fungu moja la maana. Hulibeba lote, akaliandika bila kuinua kichwa. Linganisha na neno la Kiingereza la usanisinuru, ambalo lina herufi 14 na limejaa konsonanti zilizosongamana. Mtoto wa kijijini anayelikuta siku hiyo kwa mara ya kwanza, katika lugha ambayo pengine ni ya tatu kwake, hulibeba kwa vipande vya herufi tatu au nne. Itambidi ainue kichwa zaidi ya mara tatu kwa neno ambalo ni fupi kuliko lile la kwanza. Mwalimu, ambaye amelitumia kwa miaka mingi, huliona kama kitu kimoja, na hushangaa: mbona huyu achelewa?

Dai hili lina ushahidi wa zamani. Mwaka wa 1973, William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao wenye vipande vilivyopangwa kama katika mchezo wa kweli, kwa sekunde tano tu. Bingwa aliweza kurudisha vipande vingi mahali pake. Asiyeujua sana mchezo alirudisha vichache. Lakini vipande vilipomwagwa ovyo ovyo pasi na mpango, bingwa alikaribia kuwa sawa na mwanagenzi. Jicho la bingwa halikuwa na nguvu zaidi, wala kikapu chake hakikuwa kipana zaidi. Aliyaona makundi yenye maana pale ambapo mwenzake aliona vipande vya mbao.

Natarajia upinzani. Wapo watakaosema kwamba vizazi vilivyopita vilinakili ubaoni miaka nenda miaka rudi, na leo wamo humo madaktari, mahakimu na maprofesa. Ni kweli. Isitoshe, vitabu havitoshi kila mahali, na katika shule nyingi ubao ungali ndio kitabu. Sipendekezi tuufute. Wengine watauliza: ikiwa kumbukumbu ya kuona ni hafifu hivyo, mbona twazikumbuka sura na mandhari kwa miaka mingi? Swali hilo ni zuri. Mwaka wa 1973, Lionel Standing alitoa taarifa ya majaribio ambamo watu walionyeshwa picha 10,000 kwa siku kadhaa, na baadaye waliweza kuzitambua takriban picha 83 katika kila 100. Ghala ni kubwa mno. Kilicho chembamba ni mlango. Na kinachopita mlangoni ni kile tulichokizingatia na ambacho kina maana kwetu. Kwa hiyo mapingamizi haya mawili yanaturudisha pale pale: kunakili kunafaa pale ambapo maana imekwisha kutangulia.

Hapo ndipo penye wajibu wa mwalimu. Afundishe kwanza, kisha ndipo wanafunzi wanakili. Maelezo yanayonakiliwa kabla ya kueleweka hupita jichoni na mkononi yakafika daftarini bila ya kugusa akili. Mtoto huwa tarishi wa barua asizozisoma. Maneno mageni yatamkwe kwa pamoja na kugawanywa silabi kabla ya kuandikwa. Mistari ya ubaoni iachwe nafasi, na aya zipewe nambari, ili jicho linaporudi lipate alama ya kutua. Katika mchoro wa moyo au wa ua, majina yaandikwe kando ya sehemu zenyewe. Yakipangwa mbali kwa herufi A, B na C, kikapu hujaa kwa safari za kwenda na kurudi, pasibaki nafasi ya kufikiri. Mwalimu akibadilisha jambo katika mchoro, aliseme na kulionyesha kwa kidole, asidhani kwamba darasa limeona kwa kuwa lilikuwa linatazama. Na asifute ubao kwa kuwa yeye amemaliza. Asubiri mpaka wa mwisho amalize.

Mwanafunzi naye ana lake. Asome kirai kizima, akielewe, akiseme kimoyomoyo, ndipo akiandike bila kuinua kichwa. Kisha arudi ubaoni mara moja ili kuhakikisha. Asidanganywe na matangazo ya wanaodai kumfunza kusoma ukurasa mzima kwa kutupa jicho mara moja. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka wa 2016 na Keith Rayner na wenzake yalionyesha kwamba kasi ya namna hiyo hununuliwa kwa hasara ya kuelewa, na kwamba njia ya kusoma haraka na kwa ufahamu ni kuzoea kusoma na kupanua msamiati. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Na anapodurusu kwa ajili ya mtihani, afunge daftari na kujaribu kukumbuka yaliyomo. Likiwa wazi mbele yake, kila kitu huonekana kama kinajulikana, kwa kuwa jicho laweza kukirudia wakati wowote. Katika chumba cha mtihani halitakuwapo la kurudiwa.

Hatuwezi kuliondoa pazia, wala si haja. Laiti lisingekuwapo, tungetembea duniani kama mtu aliye juu ya mashua katika bahari iliyochafuka. Tunachoweza ni kuacha kuwahukumu watoto kana kwamba halipo. Yule aliyeko dawati la nyuma, anayeinua kichwa mara nne kwa neno moja, anafanya kazi kubwa kuliko yule wa mbele aliyekwisha kumaliza. Badala ya kumwambia kwamba ana macho lakini haoni, mwalimu angemsogelea na kumweleza maana ya neno lile. Kuanzia hapo atalibeba kwa safari moja.